Kazi ya Binti wa Mpiga Tarumbeta

Addis Ababa, 14 Oktoba

Shangazi yangu Zenebech,

Nabusu magoti yako. Hujambo? Miguu inasemaje na baridi ya Dese? Baba hajambo? Jirani Toyiba je, ng'ombe wake ameshazaa au bado anawazungusha? Mimi ni mzima, Mungu asifiwe. Nakula, nalala, navaa sweta. Nakwambia mapema kabla hujaniuliza.

Kifurushi kimefika. Kondakta alinizungusha kituo kizima akiapa hajakiona, kumbe amekikalia mwenyewe. Pilipili imesalimika ila mkate umekuwa bapa, na nimeula hivyo hivyo kwenye ngazi za ofisi, hata chai sikungoja.

Najua umenikasirikia kwa ajili ya simu. Umesema hunipigii tena, kwa sababu kila ukipiga nasema "nitakupigia" na sipigi. Haya, yameisha. Tuandikiane kama zamani, barua zipande basi pamoja na pilipili. Kusema kweli nimefurahi. Simu yangu siku hizi ni ya kazi tu.

Unauliza ni kazi gani hiyo isiyoisha. Msomee na baba hapa. Unajua kila mtaa una chama chake cha kuzikana: daftari la wanachama, michango ya mwezi, na mtu wa kuwaita watu kukitokea msiba. Sisi tumeyatia yote hayo kwenye simu. Mwanachama akifariki, mwenyekiti anaandika mara moja tu, na wote wanapata ujumbe kwa mpigo: nani ametutoka, mazishi wapi, hema limesimamishwa nyumba ipi. Tulianza wawili, mimi na Robel mwenye wazo lake, sebuleni kwa mama yake kule Kazanchis. Mama wa watu alikuwa akitumiminia kahawa katikati ya nyaya huku akituuliza, "Haya, maiti zenu zinaendeleaje leo?" Sasa tuko kumi na tisa, ghorofa ya tisa, Bole. Kila akija mgeni Robel hunishika bega: "Huyu ni Emebet, mwajiriwa wetu wa kwanza." Nacheka, lakini napenda, sikufichi.

Sasa nina ombi. Wenye fedha zao waliotuamini wanataka kuona chama cha nje ya Addis kikitumia kitu chetu. Nimewatajia Dese. Nikawaambia shangazi yangu ndiye katibu wa chama kule, na baba yangu ndiye... hapo nikageuza maneno. Najua baba ndiye tarumbeta. Tangu sijazaliwa watu wa mtaa wetu wanaamshwa na yeye kwenda kuzika. Najua ninachoomba. Mwambie hana haja ya kuacha. Atapiga tarumbeta, na simu nayo italia, yote mawili.

Ongea na wazee, shangazi. Ukiongea wewe watakubali, wanakuogopa.

Krismasi nitakuja. Safari hii kweli.

Wako,
Emebet


Dese, 9 Novemba

Emebet mwanangu,

Miguu inakusalimu, inasema ungekuwa karibu ungeikanda. Sisi wazima. Ng'ombe wa Toyiba amezaa ndama dume, Toyiba kanuna siku mbili, alitaka jike. Mlima wote umejaa ukungu, nguo hazikauki, ila uhai upo.

Ombi lako nimelifikisha. Jumapili baada ya kanisa tulikaa, Mzee Endris akifungua kikao kwa dua yake na padri akifunga kwa yake, kama kawaida. Nikasoma barua yako. We! Kelele ilivyopanda. Endris anauliza, "Na asiye na simu azikwe na nani?" Mwingine anasema simu yake inalala imezimwa kwa hiyo msiba utamngoja achaji. Halafu wakamgeukia babako. Unawajua walivyo. "Yimer, wenzako wanafukuzwa kazi na serikali, wewe umefukuzwa na mtoto uliyemlipia karo!" Watu wakavunjika mbavu.

Babako akasimama. Akangoja wanyamaze. Akasema, "Kitu cha mwanangu kiingie. Pumzi yangu mnaisikia wenyewe. Siku hizi nikipiga mnadhani mbuzi wa Toyiba amefungiwa nje." Wakacheka tena, ikapita. Akaitoa tarumbeta chini ya shuka lake, akaifuta kwa upindo, akamkabidhi mtunza stoo. Mle kikaoni alikuwa anacheka na wenzake. Njiani kurudi nilimshika mkono kwenye ule mteremko.

Sasa sikiliza. Huyu kaka yangu ameshika jambo moja kichwani na halimtoki. Anasema kitu kama hicho lazima aje mtu wa kampuni kukifunga, kama watu wa umeme wanavyokuja na ngazi. Na huyo mtu ni nani? Ni Emebet. Nani mwingine huko anaijua Dese? Basi ametafuta chokaa, amepaka chumba chako mwenyewe. Mguu wa kitanda ameutengeneza. Kila basi la Addis likiingia anatoka nje na kujifanya anatazama mawingu. Anakohoa kidogo, baridi ya mwezi huu. Nimemwambia akae ndani, ananiuliza nani atampokea mtu wa kampuni.

Kwa hiyo taja tarehe, mwanangu. Usiniletee "karibuni." Tarehe.

Shangazi yako,
Zenebech

Mwanangu, hapa chini ni mimi. Chokaa imekauka. Babako, Yimer.


Addis Ababa, 11 Januari

Shangazi yangu,

Nabusu magoti yako, na ya baba. Sikukuu ilikuwaje? Mlichinja kondoo au mlikula kuku wa Toyiba kwa mkopo kama mwaka jana? Nisameheni. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya basi. Niliiweka mezani, siku tatu nikawa naitazama, halafu siku yenyewe ikapita.

Nikueleze kilichotokea, na baba asikie, maana yeye ataelewa kuliko wote.

Kuna kinyozi mmoja hapa mjini, Belete. Mama yake alikuwa anaishi mtaa mwingine, wote wawili wanachama wa chama cha mtaa wa mama. Mama akafariki mchana. Mwenyekiti akaandika kwenye simu, na programu yetu ikamtangazia kila mwanachama kwa mpigo, na Belete naye akiwamo. Alikuwa kazini, anamnyoa mtu ndevu. Akasoma. Akaweka wembe chini, akatoka na lile koti lake jeupe, akatembea mpaka upande wa pili wa mji. Peke yake, shangazi. Hakuna aliyemshika mkono.

Baada ya msiba alikuja ofisini. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akakataa maji. Akauliza ni nani aliyeitengeneza ile programu. Watu wote wakamtazama Robel, Robel akanitazama mimi. Nikasema ni mimi. Hakunitukana. Aliniambia, "Dada, nilikuwa na wembe shingoni mwa mtu."

Mimi huyo, binti wa Yimer! Nimekulia nyumba ambayo watu walikuja kugonga dirisha kumwita baba. Nilimwona akizunguka kwanza kimyakimya, anauliza mfiwa analala wapi, anaishi na nani, nani wa kumshika asianguke. Mfiwa anaachwa alale usiku wake. Alfajiri wanakusanyika mlangoni, wazee mbele, wanawake nyuma, mmoja kabeba maji, ndipo anaambiwa. Hiyo ndiyo merdo, kila mtoto wa kwetu anaijua. Tarumbeta huja baadaye. Na mimi nikatengeneza kitu kinachomwambia mtu yuko na wembe mkononi.

Sikulala wala sikuja Krismasi. Nilikuwa natengeneza. Sasa kila mwanachama anaandikishwa na ndugu zake. Akifariki mtu, ndugu wa marehemu hapati ujumbe wowote mpaka mwenyekiti athibitishe kwamba huyo ameshafanyiwa merdo na watu wake, uso kwa uso. Asipothibitisha, namba hiyo inabaki imezuiwa, hata mwaka. Robel alinikumbatia mbele ya watu. Vyama vyote viliposikia vikataka kuingia. Ofisini tumefika watu thelathini na nne sasa, na mimi nimepewa cheo, mkuu wa huduma kwa wanachama. Mwambie baba nina kadi yenye jina.

Chama chenu tayari kimeunganishwa. Nilikifanya hapa hapa mezani, shangazi. Kitufe kimoja. Hakuna mtu wa kuja kufunga kitu chochote. Sijui utamwambiaje. Mwambie chumba asikifunge, nakuja.

Baba, nimesoma mstari wako. Nitakuja kuiona hiyo chokaa.

Emebet


Dese, 20 Februari

Emebet mwanangu,

Hatujambo. Sikukuu ya Timkati tumeisherehekea vizuri, watoto wamemwagiana maji mpaka wamepata mafua. Ndama wa Toyiba anakua.

Nimemsomea habari ya kinyozi. Akauliza, "Wembe haukumkata yule mteja?" Nikamwambia haukumkata. Akasema, "Basi Mungu anampenda Emebet." Ile ya kitufe pia nilimsomea, nisingeweza kuiruka, ananitazama midomo ninaposoma. Akasema, "Ah, kumbe mambo ni rahisi siku hizi." Akaenda kulala kabla ya chakula.

Hajaandika hapa chini kwa sababu mkono unamuuma.

Anasema nikuandikie hivi: usitoke kwenye kiti chako. Anasema ulikuwa wa kwanza pale, na ukiinuka hata kwenda kunawa mikono mwingine atakikalia. Haya, hayo ni ya kwake, nimeyafikisha. Mimi la kwangu ni moja: njoo. Usingoje Pasaka. Njoo kabla.

Sisi ni watu wawili wenye maneno mawili. Chagua utakayemsikiliza.

Dawa usitume, zipo.

Zenebech


Addis Ababa, 16 Machi

Shangazi yangu,

Magoti yako nayabusu, na mfungo uwe mwepesi kwenu. Mimi nafunga pia, ijapokuwa huku watu wanafunga huku wanakunywa kahawa ya maziwa na kusema ni ya soya.

Shangazi, baba ni mgonjwa? Niambie tu. Nimepiga simu mara tano. Mara amelala, mara amekwenda sokoni, mara mtoto wa jirani anapokea na kunipa habari za ndama. Baba yangu hajawahi kulala mchana maisha yake yote. Na mkono gani unaouma mpaka mtu asiandike jina lake?

Nami nikwambie ukweli wangu, ili na wewe uone aibu kunificha. Kile cheo si cheo. Meza yangu imehamishiwa karibu na choo. Amekuja bosi mpya, Surafel, amesoma Marekani, si mtu mbaya, anavua viatu chini ya meza na soksi zake zina matundu. Wiki iliyopita kikaoni akanigeukia kwa upole kabisa: "Na wewe, Emebet, unafanya nini hasa hapa?" Watu wako arobaini na wawili sasa. Nilimtazama Robel nikingoja aseme lile lake la mwajiriwa wa kwanza. Alikuwa anasoma simu. Nikajibu, "Napokea simu za wanachama." Ndiyo kazi yangu siku hizi, shangazi. Wafiwa wanapiga, nawasikiliza. Naiweza vizuri kwa sababu ya baba, lakini ile programu niliyoiandika nikiwa na mafua sebuleni kwa watu, siku hizi siigusi.

Sasa kuna benki inataka kuinunua sehemu ya kampuni. Siku ya kutia saini ni Ijumaa tarehe ishirini na sita Aprili. Robel ameniapia kwa mama yake kwamba siku hiyo ndiyo majina yetu sisi wa mwanzo yataandikwa, na sisi tuwe na fungu letu katika kampuni, rasmi. Lakini lazima uwepo, utie saini mwenyewe mbele ya mwanasheria. Nisipokuwepo siku ile hakuna atakayekumbuka kwamba nilikuwepo siku ya kwanza. Naogopa, shangazi. Kila asubuhi naogopa kwamba nikikosa kuonekana siku moja tu wataona wanaweza bila mimi.

Nikitoka hapo tu, Jumamosi yake napanda basi. Pasaka yote niko kwenu, wiki mbili. Nimeshaomba ruhusa. Mwambie baba anisubiri, ni wiki chache tu. Mwambie nitapiga chokaa chumba chake pia, zamu yangu.

Na unijibu nilichokuuliza.

Emebet


Dese, 17 Aprili

Emebet mwanangu,

Barua yako ilifika. Nimechelewa kuijibu. Mwandiko utausamehe.

Nilikupigia Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi. Niliapa sitakupigia, lakini nilikupigia. Ukaniandikia kwamba uko kikaoni na utanipigia. Najua una mambo. Ulipopiga Ijumaa sikupokea, na Jumamosi sikupokea, na nisingeweza kupokea. Usiniwekee moyoni.

Huku mvua ndogo zimeanza. Watu ni wengi nyumbani siku hizi, Toyiba analala hapa hapa, Mzee Endris anashinda hapa. Tunapika sana. Ndama wameshamuuza.

Nataka kukuuliza mambo, na unijibu yote.

Jirani zako ni akina nani? Mlango wa pili anakaa nani, mwanamke au mwanaume, na umri wake? Je, yupo mtu yeyote wa kwetu karibu yako? Yule Seid wa Merkato nasikia alihamia Dubai, ni kweli? Unaamka saa ngapi? Asubuhi unakuwa na nani? Yule mama wa Robel aliyekuwa akiwapa kahawa, bado unamtembelea, au mliachana mlipohama? Kanisa unasali wapi, na kuna padri anayekujua kwa jina? Ofisini yupo hata mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye watoto, anayeweza kumshika mtu?

Unakula? Kula, mwanangu. Kula kabla hujaenda kazini.

Hilo uliloniuliza, usiniulize kwa barua. Mimi siandiki jambo kwenye karatasi likaenda likakukuta umesimama kituo cha basi na kondakta. Nikatae ukitaka, nichukie, siandiki.

Nijibu upesi.

Shangazi yako anayekupenda,
Zenebech


Addis Ababa, 24 Aprili

Shangazi yangu,

Magoti yako nayabusu, na mikono pia, maana nimeona jinsi ulivyokandamiza kalamu.

Maswali yako nayajibu kama ulivyotaka.

Mlango wa pili anakaa kijana wa Kichina, tunapungiana mkono. Mlango wa tatu hauna mtu. Ghorofa letu linafunguliwa kwa namba za siri, hata mtu akitaka kunigongea alfajiri hawezi kupanda. Seid yuko Dubai kweli. Mama wa Robel sijamwona tangu tuhame, aibu yangu. Kanisani nasimama nje, natoka kabla padri hajamaliza, hanijui. Ofisini mkubwa kuliko wote ana miaka thelathini na nane. Hakuna mwenye mtoto. Kati ya watu arobaini na wawili hakuna hata mmoja anayelijua jina la baba yangu. Nimewahesabu jana, mmoja mmoja, meza kwa meza.

Kwa hiyo kama ulikuwa unanitafutia watu huku, shangazi, usijisumbue. Sina.

Nilipoisoma barua yako nilikuwa ofisini. Haya uliyoniuliza ni yale yale baba aliyokuwa akiuliza, amesimama mlangoni na shuka lake, kabla ya kwenda nyumba ya mtu. Nimeyasikia utotoni mwangu wote. Nikakaa chini. Kisha nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye chama chenu. Nina funguo zote za humo, hakuna aliyekumbuka kuninyang'anya. Jumanne ile, saa za jioni, ulitoka ujumbe mmoja kwenda kwa wanachama wa Dese. Umefika kwa wote. Isipokuwa namba moja, ambayo mwenyekiti bado hajaithibitisha, imezuiwa. Namba hiyo ni yangu.

Ujumbe wenyewe sikuufungua. Ningeweza, ni kidole tu. Nikafunga kompyuta.

Kwa hiyo sijui kitu, shangazi. Tuelewane hivyo. Sijaambiwa, kwa hiyo sijui. Na mtu asiyejua halii, basi tangu juzi silii. Nakwenda kazini, napokea simu za wafiwa wa watu, nawaambia pole, najimiminia maji ya kunywa mwenyewe. Vifungo vya sweta navifunga kombo, nafungua, nafunga tena. Lakini silii.

Nilikwenda kwa Robel kuomba niondoke. Akashtuka. "Wiki hii? Ijumaa ndiyo siku yako, Emebet! Kuna mgonjwa nyumbani?" Nikisema nimefiwa, nani kaniambia? Nikamjibu, "Sijaambiwa." Akanitazama kama niliyechanganyikiwa. "Kama hujaambiwa, si usubiri mpaka Jumatatu? Jumatatu nakupeleka mwenyewe kwa gari." Anasema kwa nia njema, namjua. Akaniambia mwanasheria hawezi kuandika jina la mtu asiyekuwepo, na benki haitarudi kwa ajili ya mtu mmoja. Nikamwambia najua. Akauliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia, "Andikeni wengine." Ilinitoka rahisi kuliko nilivyodhani. Miezi yote hii nilikuwa naogopa kuinuka kwenye kiti kile, na nimeinuka sasa, wakati hakuna tena wa kumwahi. Hilo ndilo linaloniua, shangazi, na nalisema hapa mara moja, nikifika sitalisema: Jumanne ile sikuwa kwenye kikao chochote cha maana. Tulikuwa tunachagua rangi ya kalenda.

Barua hii nimempa dereva, si kondakta. Itakufikia kesho. Mimi nafika Ijumaa jioni na basi la mwisho. Naomba mnifanyie hivi.

Asije mtu kituoni kunipokea, maana nikiona uso wa Toyiba sitafika nyumbani kwa miguu yangu. Ondoeni hema, kama lipo. Wewe usivae nyeusi usiku huo. Najua nakuomba jambo kubwa, ni kaka yako wa pekee. Jifunike lile shuka lako la kahawia la siku zote.

Nikifika mlangoni nitauliza baba hajambo. Wewe unijibu kwamba amelala. Useme amechoka, alikuwa anasubiri basi mchana kutwa, tusimwamshe. Mimi nitakubali. Nitakula utakachonipa, nitakusimulia habari za Addis, utanitania kwamba nimekonda. Tutaongea kwa sauti ndogo, kama watu wenye mtu anayelala chumba cha pili. Halafu nitaingia chumbani kwangu, nitalala.

Alfajiri njooni. Mzee Endris mbele, Toyiba na wanawake nyuma, mtu abebe maji. Mimi nitawafungulia mlango. Niambieni hapo, na mnishike.

Lakini usiku ule mmoja niachieni. Nataka kulala nyumbani na baba yangu akiwa amelala chumba cha pili.

Emebet